Rula, Boya, Mgandamizo, Sauti au Rada: Kifaa Gani Kilinde Kivuko cha Barabara Mombasa?

Maji yanayofunga kivuko, pale barabara inapokatiza mto au kijito, si lazima yawe ya mvua iliyonyesha hapo. Mto Mwache hujikusanya huko Kinango, Kombeni hujikusanya upande wa Rabai, na yote miwili huishia kwenye hori, mikono ya bahari, zinazoizunguka Mombasa: Mwache hori ya Port Reitz, Kombeni hori ya Tudor. Mwembe Tayari jua linawaka, watu wako barazani na kahawa tungu, na wakati huohuo maji ya rangi ya udongo yanateremkia kalvati ambalo dereva wa tuktuk alilivuka asubuhi bila kulowesha gurudumu. Akirudi magharibi hana habari. Akirudi usiku haoni.

Kila masika yakikaribia naulizwa swali lilelile, na kamati za mitaa, walimu wakuu, wenye machimbo ya mawe, mara nyingine sacco za matatu: tununue kifaa gani kitakachotuambia maji yamepanda? Wengi huja na picha ya kifaa kwenye simu na bei yake tayari. Kazi yangu ni kufunga vifaa hivi na kuvifungua vikiharibika, na kwa sababu hiyo huanza na maji kabla ya bei.

Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 tu humwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huinua gari dogo. Sentimita 60 huchukua karibu gari lolote linalopita barabara zetu. Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu, Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Ukingoni kulikuwa na watu wengi wakitazama. Kuyaona maji na kuujua ukali wake ni mambo mawili.

Kwa hiyo hatutafuti kifaa kinachopima hadi milimita. Tunatafuta kitakachosema kweli saa nane za usiku, mvua ikinyesha, stima imepotea na mtaro umejaa chupa za plastiki. Nitavilinganisha kwa kigezo hicho.

Kwanza, maji ni ya mto au ya bahari?

Swali hili wauzaji wa vifaa hawaliulizi, maana vingi vimetengenezewa mito ya bara. Bandarini Kilindini wakati wa bamvua, zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Maji hayo hupanda ndani ya hori, hupita kwenye mikoko na kuingia midomo ya mito. Kivuko kilicho karibu na mikoko hupanda na kushuka mara mbili kwa siku bila tone la mvua.

Kuna kivuko kimoja niliwahi kuitwa baada ya kazi ya fundi mwingine. Kihisi, yaani kile kinachopima maji, kilikuwa kizuri, king'ora kizuri, ila kiwango cha hatari kilikuwa kimepangwa kama cha mto wa bara. Bamvua ya mwezi mpevu kikalia. Bamvua ya mwezi mwandamo kikalia tena, alfajiri, watoto wamelala. Nilipofika nilikuta waya umekatwa kwa kisu, safi kabisa, na kipande cha mpira kimefungiwa juu yake ili mvua isiingie. Aliyekata hakuwa mharibifu. Alikuwa amechoka kudanganywa, na bado akajali kifaa kisiharibike.

Tembea basi uangalie mikoko inaishia wapi, uulize wavuvi maji ya chumvi hufika wapi siku za bamvua. Kama kivuko kiko juu ya hapo, kipimo cha kawaida kinatosha. Kama kiko chini yake, kiwango cha hatari lazima kilinganishwe na jedwali la maji kujaa na kupwa, ambalo Mamlaka ya Bandari hulichapisha. Hatari kubwa hapo ni mvua kubwa kukutana na maji ya bamvua yanayojaa: mto unataka kutoka, bahari imeziba mlango.

Ardhi nayo haifanani. Kisiwani na upande wa Nyali na Bamburi tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe, maji mengi huzama, na yanayobaki hutuama mabondeni. Changamwe, Mikindani na Jomvu ni udongo mzito juu ya mwamba usiopitisha maji, kwa hiyo mvua hukimbilia mitaroni mara moja. Mafuriko ya kutuama hukupa saa kadhaa. Ya kukimbia hukupa dakika.

Rula ya rangi na mtu wa kuisoma

Ubao wenye vipimo uliosimamishwa ndani ya mto ndio mzazi wa vifaa hivi vyote, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji bado huutegemea mitoni. Gharama yake ni chuma, rangi na zege. Hauhitaji betri wala bando, na mwizi haupendi.

Uzuri wake niliuona kwa mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi karibu na daraja. Tulipaka nguzo rangi tatu: kijani, manjano, nyekundu, ile nyekundu ikianzia sentimita 20 chini ya lami. Siku moja ya mvua nilimpigia.

"Shikamoo mama. Maji yamefika wapi?"

"Marahaba mwanangu. Yamo kwenye manjano, lakini yamebadilika harufu na yanaleta magogo. Mwambie huyo wa matatu asikae sana huko Mazeras."

Magogo na harufu. Hakuna kihisi kitakachokuambia hayo, na yote mawili ni dalili kwamba juu mto umekwisha kutoka kingo zake. Udhaifu wa rula ni kwamba mama hulala. Ana matanga Kaloleni, ana mjukuu mgonjwa. Maji huja wakati hayupo. Rula basi iwepo kila kivuko, hata penye vifaa vya gharama, kwa sababu siku mashine na macho vikitofautiana utahitaji kitu cha kuamua. Isiwe peke yake mahali ambapo watu huvuka usiku.

Boya

Ni floti ileile ya tangi la maji: maji yakilinyanyua, linaunga waya, taa inawaka. Bei yake ni ndogo kuliko zote, halitumii umeme likisubiri, na fundi yeyote wa mtaani anaweza kulibadilisha. Halikuambii maji yana kimo gani wala yanapanda kwa kasi gani. Linajua ndiyo au hapana tu. Ukifunga mawili, la chini la tahadhari na la juu la kufunga barabara, tayari una mfumo unaoeleweka na mtoto wa shule.

Adui wake ni taka. Nilifungua boya moja lililokataa kupanda wakati maji yalikuwa yameshapita juu ya kalvati. Kati ya boya na kitako chake kulikuwa na chupa ya soda ya nusu lita, imebanwa kama kabari, na uzi wa nyavu umezunguka shina mara nne. Tangu siku hiyo sifungi boya nje. Nalitia ndani ya bomba la plastiki la inchi 6 lenye matundu upande wa chini, linasimama wima, na kila mwezi linamwagiwa ndoo ya maji kuona kama linanyanyuka. Bila ndoo ya kila mwezi, usinunue boya.

Mgandamizo na sauti, ubavu kwa ubavu

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa sababu bei zake hukaribiana. Kihisi cha mgandamizo huzamishwa majini na kupima uzito wa maji yaliyo juu yake. Kihisi cha sauti huning'inizwa juu ya maji, hutuma mlio usiosikika na kuhesabu muda wa mwangwi kurudi.

Cha mgandamizo hakihitaji daraja. Kinaweza kulazwa kwenye bomba ubavuni mwa mto ambapo hakuna pa kutundika kitu, na povu, upepo au majani yanayoelea hayakisumbui. Lakini kinaishi ndani ya matope, na mito yetu ya masika hubeba mchanga mwingi: gharika moja inaweza kukizika. Kuna pia jambo la hewa. Sentimita moja ya maji ni sawa na hektopaskali moja ya mgandamizo wa hewa, na huku kwetu hewa peke yake hupanda na kushuka hektopaskali mbili au tatu kila siku. Kwa hiyo kihisi lazima kiwe na kamrija ka kupumulia kinachofika juu, au kihisi cha pili nje cha kupima hewa. Kamrija hako kakiingia unyevu, na unyevu wa pwani hauna mapumziko, vipimo huanza kuteleza polepole bila mtu kujua. Tena maji ya bahari ni mazito kuliko ya mto kwa karibu asilimia 2.5. Mahali ambapo hori hujaa chumvi kisha mvua ikayasukuma nje, kina cha mita 3 kinaweza kusomeka tofauti kwa sentimita 7 hivi, na maji hayajapanda wala kushuka.

Cha sauti hakigusi maji, na hilo peke yake ni sababu ya kukipenda. Gharika inapita chini yake. Ila mwendo wa sauti hubadilika na joto: hewani ni kama mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, ukiongezeka kama mita 0.6 kwa kila nyuzi. Kifaa kikiwa mita 5 juu ya maji, na kipimajoto chake kimepotoka nyuzi 10 kwa kuwa kasha limepigwa na jua, kosa linakaribia sentimita 9. Usiku na wakati wa mvua kosa hilo hupungua, kwa hiyo kwenye tahadhari ya mafuriko silihofii sana. Ninachohofia ni eneo lake kipofu. Vingi haviwezi kusoma kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 30 hadi 50 na uso wake. Ukikifunga chini ya daraja fupi, maji yakipanda hadi kukikaribia ndipo kinapoanza kubabaika, yaani saa ileile uliyokinunulia. Kitundike juu ya usawa wa barabara, kwenye mkono wa chuma, hata kama kitaonekana kibaya.

Wadudu nao. Nyigu hupenda sana kile kikombe chake, na buibui hufuma utando mbele yake. Kunguru wa Mombasa, wale weusi wenye shingo ya kijivu, hutua kwenye mkono wa chuma na kuinamia chini, na kihisi husoma kichwa cha kunguru kana kwamba maji yamepanda mita 3 ghafla. Dawa ni programu kukataa kipimo kimoja kilichoruka na kusubiri vitatu vinavyokubaliana, pamoja na misumari ya plastiki juu ya mkono.

Nikipewa hivi viwili tu, kwa kalvati au kivuko kifupi nachukua cha sauti. Cha mgandamizo nakiacha kwa mahali pasipo na daraja wala nguzo, pasipofikiwa na maji ya chumvi, na penye mtu wa kukitoa na kukisafisha baada ya kila gharika kubwa.

Rada

Rada hufanya kazi ya kihisi cha sauti kwa mawimbi ya redio. Joto haliibabaishi, upepo hauisukumi, mvua ya masika huipita. Mwale wake ni mwembamba: yenye pembe ya nyuzi 8 ikiwa mita 6 juu ya mto husoma duara la sentimita 84 hivi, kwa hiyo haichanganywi kirahisi na nguzo ya daraja. Inakula umeme kidogo, na uso wake ni plastiki bapa ambayo nyigu hana pa kujengea.

Ubaya ni bei, ambayo bado ni mara kadhaa ya kihisi cha sauti. Kwa daraja la barabara kuu, lenye malori ya kontena na mabasi ya usiku, sioni sababu ya kubana pesa hapo. Gharama ya kumrudisha fundi mara tatu kwa mwaka kusafisha kifaa cha bei nafuu huifikia bei ya rada haraka kuliko watu wanavyodhani.

Kamera nitaitaja kwa ufupi. Ni nzuri ya kumthibitishia afisa kwamba kweli barabara imefungwa, na huonyesha taka zilizoziba kalvati. Usiku wa mvua huona matone, na picha hula bando. Iwe ya pili.

Kivukoni, au juu zaidi, mto unakotokea?

Swali hili lina uzito kuliko aina ya kihisi. Kifaa kilicho kwenye kivuko chenyewe kinajua ukweli wa hapo: barabara imefunikwa au haijafunikwa. Kilicho juu zaidi, upande mto unakotokea, kinakupa muda. Wimbi la gharika likishuka kwa mita 2 kwa sekunde, kifaa kilicho kilomita 5 juu kinakupa dakika 40 hivi. Dakika 40 ni nyingi. Mwalimu mkuu anaweza kuwaachilia watoto wa ng'ambo mapema, sacco ikazuia gari la mwisho. Lakini cha juu hubashiri tu: kijito kilicho kati yake na kivuko kinaweza kujaa bila chenyewe kujua.

Nikiwa na pesa ya viwili, naweka kizuri juu na boya kivukoni. Nikiwa na pesa ya kimoja, nakiweka kivukoni, kwa kuwa taa inayowaka mbele ya dereva lazima iseme jambo lililothibitika.

Habari ifike vipi

Ujumbe wa simu wa kawaida bado ndio farasi wa kazi hii. Hauhitaji simu ya bei, unafika mahali intaneti haishiki. Shida ni kwamba mnara wa simu nao unategemea stima na betri. Stima ikikosekana saa nyingi, mnara hunyamaza. Laini mbili za kampuni tofauti hupunguza hatari hiyo. LoRa, redio ya nguvu ndogo, haihitaji laini wala bando la kila mwezi. Hufika kilomita mbili au tatu penye majengo na zaidi ya kumi penye uwazi, lakini kituo cha kupokea lazima kikae juu, kwa mfano kwenye paa la shule au mnara wa msikiti, na kiwe na mtu wa kukiangalia. Vivuko vitano vya bonde moja, LoRa ni nafuu. Kivuko kimoja, nunua laini.

Vyovyote vile, mambo mawili sikubali yaachwe. Taa na king'ora cha kivukoni viwashwe na kifaa kilekile hapohapo kwa waya, visisubiri amri kutoka intaneti. Na kifaa kitume salamu hata siku za ukame, kila asubuhi na jioni: nipo, maji ni sentimita kadhaa, betri ina kiasi fulani. Salamu isipofika, mtu aende kukitazama siku hiyohiyo. Watu wengi hupanga kifaa kiseme maji yakipanda tu, halafu hukaa miezi sita wakiamini ukimya wake.

Kuhusu umeme, kipime kila dakika 15 siku za kawaida na kila dakika moja maji yakianza kupanda, hapo paneli ndogo ya sola na betri vitatosha. Paneli kubwa huibwa. Ndogo, iliyogandishwa juu ya kasha lilelile na kupakwa rangi ya nguzo, hudumu zaidi. Skrubu ziwe za chuma cha pua. Za kawaida, hewa ya chumvi huzila kabla ya vuli ya pili.

Ningechagua hivi

Kalvati la mtaa Mikindani au Jomvu, watu wa miguu na bodaboda, kamati haina pesa: rula ya rangi tatu, maboya mawili ndani ya bomba, taa nyekundu pande zote mbili, na watu watatu wanaopokea ujumbe badala ya mmoja. Shule ambayo watoto wake huvuka kijito: hayo yote, pamoja na kihisi cha sauti upande mto unakotokea. Daraja la barabara kuu: rada, laini mbili, kizuizi cha barabara, na rula pale chini bado. Kivuko cha mikokoni: rada au sauti, kamwe si mgandamizo, na kiwango cha hatari kinachofuata jedwali la bahari.

Fungeni Februari, kabla ya masika kushika. Hapo mtakuwa na bamvua mbili za kujaribia katika mwezi mmoja, na king'ora kikilia mvua haijanyesha, bado kuna siku za kukirekebisha kabla mtu hajachukua kisu.